Kabla hujanunua bomba la hewa baridi, pima lile la kiwandani

Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar) au Grogan (Nairobi) kuulizia kitu cha kuongeza nguvu ya gari bila kufungua injini, cha kwanza kuwekewa mezani ni inteki: bomba la alumini linalong'aa, filta nyekundu yenye umbo la koni, klipu nne na maneno matamu. Bei yake haitishi, kufunga ni kazi ya saa moja, na gari likiwashwa tu sauti imeshabadilika. Ndiyo maana inauzika.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hela bado iko mfukoni, au ameshaitoa na sasa taa ya injini inawaka. Msimamo wangu nautoa mapema: gari lako lilitoka kiwandani likiwa na inteki ya hewa baridi tayari. Mara nyingi kazi iliyopo ni kuirudisha ilivyokuwa, siyo kuibadilisha.

Hesabu fupi kabla ya kushika spana

Kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia, kisha huagiza nozeli zimwage petroli kulingana nayo, karibu gramu 1 ya petroli kwa kila gramu 14.7 za hewa. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, petroli huongezwa zaidi ya hapo kidogo. Kwa hiyo nguvu inategemea uzito wa hewa iliyoingia kwenye silinda, na hewa ikipata joto hutanuka, lita ileile ikabeba gramu chache.

Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya IST, Probox, Fielder na Premio ya 1.5. Ina cc 1,497, na kila krenki ikizunguka mara mbili inavuta ujazo huo mara moja. Ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika inavuta kama lita 75 za hewa kila sekunde. Hewa ya pwani yenye nyuzi 25 ina uzito wa gramu 1.18 hivi kwa lita, kwa hiyo zinaingia gramu 88. Hewa hiyohiyo ikifika nyuzi 60, lita inabaki na gramu 1.06, na injini inapata gramu 79 tu. Umepoteza sehemu moja ya kumi. Tena hewa ikiwa ya moto, kompyuta huchelewesha moto wa plagi ili injini isigonge, na hapo nguvu inapungua tena.

Injini hiyo inatajwa kuwa na nguvu farasi 109, kwa hiyo muuzaji anakuchorea farasi 11 za bure. Hesabu haina kosa. Shida ni kudhani kwamba unapokanyaga mafuta barabarani injini yako inavuta hewa ya nyuzi 60, na mara nyingi haivuti. Ndiyo sababu ya kupima.

Jambo moja kwa walio nyanda za juu: Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, na mgandamizo wa hewa hapo uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Zile gramu 88 zinakuwa kama 72 joto likiwa lilelile. Ubaridi wa Nairobi unarudisha kidogo, lakini hakuna bomba litakalorudisha zote. Aliyezoea gari lake Mombasa akapanda nalo Nairobi na kuliona zito asianze kulaumu filta.

Hatua ya 1: fuata njia ya hewa kwa mkono

Subiri injini ipoe, fungua boneti, anzia kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini unaofunguka ukikanyaga mafuta. Hapo utakuta hozi ya mpira yenye mikunjo. Ifuate hadi kwenye boksi la filta. Karibu na mfuniko wa boksi, kwenye magari mengi, imechomekwa sensa ya hewa, yaani MAF. Kisha tazama upande wa pili wa boksi, hewa inapoingilia. Pana mfereji wa plastiki, mafundi wengi huuita pua, unaokwenda mbele na kufungukia juu ya rejeta, nyuma ya grili, au ndani ya fenda. Pua hiyo ndiyo inteki yako ya hewa baridi. Wahandisi waliiweka pale makusudi, mahali ambapo hewa haijapita kwenye rejeta.

Kwenye magari ya mkononi, pua ndiyo inayoteseka. Inatolewa ili fundi afikie betri au taa, kipini kinavunjika, inarudishwa kwa kuegeshwa tu, au inaachwa chini ya benchi la gereji. Gari linaendelea kutembea na hakuna anayegundua. Kuanzia siku hiyo boksi linavuta hewa iliyopita kwenye rejeta na kondensa ya AC.

Kagua na haya:

- Klipu za mfuniko wa boksi zibane zote. Mfuniko uliokaa upande unapitisha hewa ambayo haijachujwa.
- Ile hozi ya mikunjo usiitazame tu. Ishike kwa mikono miwili uikunje huku na huku. Mpasuko hujificha kwenye bonde la mkunjo na hauonekani mpaka mpira uvutwe. Ghafla unafunguka kama mdomo. Hewa inayoingia hapo imeiruka sensa, kwa hiyo kompyuta haina habari nayo.
- Chomoa hozi, pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi kavu jekundu, filta haizibi vizuri, na vumbi hilo ndilo linalosaga ringi za pistoni. Mafuta kidogo meusi ni ya kawaida, yanatoka kwenye bomba la pumzi la injini.

Hatua ya 2: pima, usibahatishe

Unahitaji skana ndogo ya Bluetooth ya ELM327, inayosoma kompyuta ya gari, na programu ya simu kama Torque au Car Scanner. Magari mengi ya soko la ndani la Japani yaliyotengenezwa kabla ya 2008 hayasikilizani vizuri na vifaa hivi. Kama lako ni mojawapo, tafuta fundi mwenye skana inayolisoma. Kwenye skrini weka IAT, ambayo ni joto la hewa inayoingia, MAF kwa gramu kwa sekunde, na STFT pamoja na LTFT, ambayo ni marekebisho ya petroli ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia.

Kisha chukua vipimo mara nne.

Asubuhi kabla ya kuwasha, ufunguo ukiwa ON tu: IAT ilingane na joto la nje. Ikitofautiana sana, sensa ina hitilafu na vipimo vingine havina maana.

Kwenye foleni, AC ikiwa imewashwa: IAT itapanda, nyuzi 15 hadi 25 juu ya joto la nje. Usishtuke. Mchana wa Dar unaweza kusoma 55 umesimama Ubungo, na hata inteki ya bei mbaya itasoma karibu na hapo, kwa sababu gari lililosimama halipati upepo na boneti nzima imejaa joto.

Barabara ikifunguka, nenda mwendo wa 80 kwa dakika tano. Kipimo hiki ndicho cha kukizingatia kuliko vyote. Inteki nzima ya kiwandani hushusha IAT hadi nyuzi 5 au 10 juu ya joto la nje. Ikishuka hivyo, bomba jipya halina mahali pa kuchukua zile farasi 11. Limebaki kukupa mbili tatu, tena kama limefungwa vizuri. IAT ikiganda nyuzi 20 au zaidi juu ya joto la nje huku upepo unapita, rudi hatua ya 1. Pua haipo, au haijakaa mahali pake.

Cha nne ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho, gia ya pili, kwenye kilima kisicho na watu wala magari, mizunguko ipande karibu na mstari mwekundu. Programu irekodi yenyewe, wewe tazama barabara. Kisha angalia MAF ilifika ngapi na ulinganishe na hesabu ya injini yako kama tulivyofanya hapo juu. Injini nzuri ya kawaida hupata asilimia 85 hadi 100 ya hesabu hiyo. Ukipata 55 wakati hesabu inakupa 88, kuna kitu kimeziba, au MAF imechafuka.

Gari lako likiwa na sensa ya MAP, inayopima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi (matawi yanayogawa hewa kwa silinda), badala ya MAF, kipimo ni rahisi zaidi. Weka ufunguo ON bila kuwasha, soma mgandamizo kwa kilopaskali (kPa): Dar utaona karibu 101, Nairobi karibu 83. Sasa kanyaga mpaka mwisho na usome tena mizunguko ikiwa juu. Ukikosa mbili au tatu tu, njia ya hewa haina kizuizi. Ukikosa kumi, injini inanyonya kupitia kitu kilichoziba. Ila jua kwamba magari haya mara nyingi huwa na sensa ya joto kwenye manifoldi, kwa hiyo IAT yake itasoma juu kidogo kuliko ya gari lenye MAF.

Hatua ya 3: rudisha kilichopotea

Pua hupatikana kwenye maduka ya spea za kukata kwa bei ndogo sana ukilinganisha na inteki. Nenda na namba ya chesesi au picha, maana gari lilelile la mwaka tofauti huwa na pua tofauti. Hozi iliyopasuka ibadilishwe. Gundi na selotepu hazivumilii joto na mtikisiko.

Filta ya karatasi iliyochoka badilisha. Tabia ya kuipuliza kwa kompresa kila sevisi ina madhara: upepo mkali unapanua matundu ya karatasi, filta inaonekana safi lakini inapitisha vumbi. Kama uko mbali na duka na lazima upulize, punguza upepo, piga kutoka ndani kwenda nje, na mdomo wa bomba uwe mbali.

Hapa niseme jambo ambalo wauza filta hawapendi kulisikia. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge kule Tennessee, Marekani, ilijaribu magari yenye filta zilizozibwa makusudi. Kwenye magari ya kisasa ya nozeli, filta chafu haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichoathirika ni kuchanganya, yaani muda wa kuongeza kasi, na filta mpya iliuboresha kwa asilimia 6 hadi 11 hivi. Sababu ni kwamba kwenye mwendo wa kawaida throto imefungwa nusu, yenyewe ndiyo inayobana hewa. Filta ikibana kidogo, unakanyaga milimita chache zaidi na kompyuta inapima petroli ileile. Kwa hiyo anayekuahidi inteki itakupunguzia mafuta, mwache apite. Magari ya kabureta ni habari nyingine.

Sensa ya MAF ikichafuka, tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili yake. Dawa ya kabureta inaiua, na ule waya mwembamba ndani usiuguse hata kwa pamba.

Hatua ya 4: bado unataka kununua?

Sawa, gari ni lako. Chagua hivi.

Kwanza, kipenyo cha bomba mahali MAF inapokaa kilingane na cha boksi la kiwandani. Sensa haioni bomba zima, inapima upepo unaopita kwenye kinywa chake kidogo na kompyuta inakisia mengine kwa kipenyo inachokijua. Bomba likiwa pana zaidi, upepo unapita polepole, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo, na injini inaunguza mchanganyiko mwepesi. Pima kwa vernier; maneno ya muuzaji kwamba inaingia gari zote yapuuze. Bomba pana linataka kompyuta ipangwe upya.

Pili, filta itakaa wapi? Zile inteki fupi zinazoacha koni wazi katikati ya injini zinavuta hewa ya moto kuliko boksi ulilolitoa. Umelipa hela ili IAT ipande. Kama filta inabaki chini ya boneti, lazima iwe na ukuta unaoitenga na injini, na mlango wa hewa kutoka mbele.

Tatu, vumbi. Filta za pamba zenye mafuta hupitisha hewa kwa wepesi, lakini kwa vumbi laini la barabara za udongo karatasi ya kiwandani kwa kawaida huchuja vizuri zaidi. Anayekwenda kijijini kila wiki aifikirie mara mbili. Na ukiipaka mafuta mengi baada ya kuiosha, yanarukia waya wa MAF.

Bomba la alumini au la plastiki? Usijisumbue. Hewa inapita kwa haraka mno mafuta yakikanyagwa, haipati nafasi ya kupokea joto la ukuta.

Hatua ya 5: kufunga

1. Toa waya hasi wa betri. Piga picha za kila hozi kabla hujachomoa.
2. Chomoa soketi ya MAF kwa kubana kishikizo chake. Kuvuta waya ndiko kunakoukata. Toa boksi zima pamoja na pua.
3. Ziba mdomo wa throto kwa kitambaa safi wakati unafanya kazi. Nati ikidondokea humo, kazi ya saa moja imekuwa ya kufungua injini.
4. Hamishia MAF kwenye bomba jipya. Mshale wake uelekee kwenye injini, na mpira wake wa kuzuia hewa usiwe umekunjika.
5. Rudisha bomba la pumzi la injini na mipira yote midogo ya vakyumu. Wengi huliacha bomba la pumzi likining'inia. Hapo lilipounganishwa huingiza hewa isiyopimwa, na mvuke wa oili unachafua kila kitu.
6. Kaza klipu kwa zamu, kidogo kidogo, ukiacha bomba lipate mahali pake. Kisha mwenzako akanyage mafuta gari likiwa limesimama nawe utazame: injini hujipinda kwenye mounting zake, na bomba lisiguse betri, fenda wala mkanda.

Hatua ya 6: soma kompyuta inasema nini

Washa, acha sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) itulie dakika kumi, endesha siku mbili tatu za kawaida, kisha soma LTFT. Ikiwa kati ya minus 10 na plus 10, kompyuta imekubali. Ikipanda juu ya hapo, inaongeza petroli kufidia hewa isiyoiona: ama kuna uvujaji baada ya MAF, ama bomba ni pana. Ili kujua ni lipi, linganisha. Marekebisho yakiwa makubwa kwenye sailensa na kupungua ukienda mwendo, ni uvujaji; yakibaki makubwa kote, ni kipenyo au sensa yenyewe. Msimbo P0171 ni kompyuta ikikueleza hayohayo. Kufuta msimbo bila kurekebisha hakusaidii. Injini inayokimbia na mchanganyiko mwepesi kwa muda mrefu inaweza kuunguza valvu.

Kisha pima kuchanganya. Barabara ileile, saa ileile, abiria walewale, kutoka 60 hadi 100, mara kadhaa kabla ya kubadilisha na mara kadhaa baada. Masikio usiyaamini hapa. Boksi la kiwandani lina vyumba vya kunyamazisha mngurumo, na vikiondoka gari linasikika kali hata kama sekunde ni zilezile. Kuna watu wanaridhika na mngurumo tu, na sina ugomvi nao.

Maji

Inteki ndefu zinazoshusha filta hadi nyuma ya bampa hupata hewa ya baridi kweli, na ndizo hatari kwetu. Mvua za masika zikijaza Jangwani au Nairobi ikafurika kama Aprili 2024, filta hiyo iko chini kuliko maji. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda na silinda imejaa maji, kinachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Gari likizima ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena. Livutwe nje, plagi zitolewe zote, injini izungushwe bila plagi mpaka iteme. Anayepita njia za mafuriko aiache filta juu.

Wenye turbo na dizeli

Subaru ya turbo ni kisa kingine. Turbo yenyewe inachemsha hewa kwa kuigandamiza, kwa hiyo nyuzi chache ulizookoa kabla yake zina maana ndogo. Kazi kubwa ya kupooza inafanywa na intakula, rejeta ya hewa iliyo baada ya turbo. Kubadilisha bomba la MAF kwenye injini yake ya EJ20 bila kupanga kompyuta ni kucheza na mchanganyiko mwepesi chini ya boost (mgandamizo wa turbo), na pistoni zake hazisamehe. Kaza hozi za intakula na kagua kama hazina mafuta kwenye viungo kabla ya kufikiria inteki.

Kwa Hilux na Land Cruiser za dizeli, snorkeli inayopanda hadi usawa wa paa ni inteki ya maana kuliko zote nilizotaja, ingawa hainunuliwi kwa ajili ya nguvu. Inachukua hewa juu ya vumbi la gari lililo mbele yako. Viungo vyake vizibwe kweli kama lengo ni kuvuka maji, maana nyingi zinazofungwa mitaani zina tundu pale zinapoingilia fenda.

Na boksi la kiwandani ulilolitoa, pamoja na pua na boliti zake, lifunge kwenye mfuko uliweke stoo. Siku ya kuuza gari mnunuzi mwenye akili ataliulizia, na siku taa ya injini ikigoma kuzima, njia ya haraka ya kujua kama tatizo ni inteki ni kulirudisha kwa nusu saa na kusoma LTFT upya.